Zimwi Likujualo

Magharibi inapokaribia, popo hutoka Ngezi na kupita juu ya Konde. Huanza mmoja, kisha wawili watatu, kisha mbingu yote huwa yao. Hawa si wale wadogo wa darini wanaorukaruka ovyo kuwinda mbu. Ni popo wa Pemba, wasiopatikana kisiwa kingine chochote duniani. Bawa hadi bawa hukaribia mita moja na nusu, na hupiga mabawa taratibu, kwa mapigo mazito, bila pupa. Jua la mwisho likiwapiga kwa nyuma, ngozi ya bawa hupenywa na mwanga, na ndani yake ukaiona mifupa myembamba ya vidole, mirefu kupita kiasi, imetandazwa mpaka ukingoni. Chini yao soko linafungwa. Muuza ndizi anafunika mikungu yake kwa turubai, kijana wa daladala anaita abiria wa mwisho wa Wete, muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti kabla hajaanza. Hakuna anayeinua uso. Ila nilimwona mama mmoja, akimvuta mwanawe kwa mkono, ambaye kundi lilipofika juu yake aliishusha ncha ya kanga akamfunika mtoto kichwa. Hakusema kwa nini. Aliyekuwa akitembea naye hakuuliza.

Mwandishi wa riwaya ya kutisha anaweza kuhangaika kurasa hamsini asikipate kitendo kile. Anavyo vyote vya kumsaidia hapa, kama angejua kuvitumia. Konde ipo kaskazini ya kisiwa, mji mdogo wa mwisho kabla njia haijaingia msituni kuelekea Makangale, Verani na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Ukishaingia Ngezi, mwanga unashuka ghafla ingawa ni saa sita mchana. Mivule imesimama kwa urefu ambao Pemba nzima umebaki hapo tu, mipapindi imejipanga chini yake, na upepo unausikia juu bila kuuona chini. Msimu wa karafuu harufu hukaa hewani hata usiku, ikitoka kwenye majamvi yaliyoanikwa mchana. Na watu wanajuana. Wanajua nani kanunua bati jipya na fedha kaitoa wapi, mtoto wa nani kasafiri, mke wa nani karudi kwao. Mgeni katika mji kama huo hatishi hata kidogo, maana mgeni hujulikana ni mgeni kabla hajashuka garini.

Hapo ndipo riwaya nyingi za kutisha za Wazungu zinapokosa njia ya kuingia kwetu. Bram Stoker, katika Dracula ya mwaka 1897, alitupa sura nne za mwanzo ambazo mpaka leo ni vigumu kuzisoma peke yako usiku: kijana amefungiwa katika kasri, na mwenyeji wake anamkirimu. Kisha zimwi likahamia London, wakatokea mabwana wenye ratiba za treni na mashine za kupiga chapa, na kitabu kikageuka kuwa msako. Stephen King alikuwa mwerevu zaidi mwaka 1975. Katika 'Salem's Lot alikiacha kiumbe chake kingoje, akatutembeza kwanza katika mji mdogo wa jimbo la Maine, nyumba kwa nyumba, akatuonyesha ndoa zenye nyufa na mama anayempiga mwanawe mchanga. Zimwi lilipofika lilikuta mji umeshaoza kwa ndani. Hata hivyo naye, vilipoanza vita vya vigingi na misalaba, mkono ulimlegea; nusu ya kwanza ya kitabu kile ni mji, nusu ya pili ni kelele. Wahenga walishasema kuhusu ngoma inayolia sana.

Kwetu hofu haiji na jeneza kutoka ng'ambo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nalo la Konde linakujua vyema: linajua jina la mama yako, linajua ulichoka lini na ulimkatalia nani chumvi. Katika hadithi za Pemba mchawi ni mtu wa karibu siku zote, shangazi au mkwe au mwenye shamba la pili, yule aliyekuja kwenye maziko ya babako akalia kwa dhati. Kizuu, pepo wa kichawi, hakipotei njia, hutumwa, na aliyekituma anajua mlango. Watu wa kisiwa hiki wanaambiana mchawi mpe mwana alee, na mimi naona maneno hayo yana kitisho kuliko riwaya nzima, kwa sababu ndani yake mna utaratibu mzima wa kuishi: unayemwogopa humkimbii, unamkabidhi kilicho ghali kuliko vyote, naye kwa kubeba amana hiyo anafungika mikono. Fikiria kulala usiku wa kwanza baada ya kukabidhi. Fikiria asubuhi yake, unapokwenda kumsalimia, "Chei, shikamoo," ukatazama mwanao anavyokaa mapajani pake.

Sifa hii ya uchawi ya Pemba ina miaka mingi, na si yote waliyoitafuta wenyewe. Evelyn Waugh, mwandishi wa Kiingereza aliyepita kisiwani na kuandika safari zake katika Remote People mwaka 1931, alieleza Pemba kuwa ndiyo makao makuu ya elimu ya uchawi, mahali ambapo husemwa hata waganga wa Haiti huja kujiongezea ujuzi. Mtu akikaa siku chache mahali, akaondoka na meli, huandika alichoambiwa na mabaharia. Lakini na sisi tunayo Giningi yetu, mji wa wachawi ambao jicho la kawaida halioni, unaosemwa uko huku huku Pemba, wanakokutana wanga na kugawana walichokubaliana kugawana. Wapemba wengine hukasirika wakiulizwa habari hizi, wengi hucheka, na wachache huishi kwa hizo: mgonjwa kutoka Tanga au Mombasa hapandi chombo kuja kutafuta mganga kwa sababu ya mandhari. Juu ya mlango wa nyumba moja ya udongo nje kidogo ya mji nilionyeshwa kikaratasi kilichoandikwa Kurani, kimekunjwa mara nyingi, kimefungwa kwa kitambaa cheusi na kupigiliwa kwa msumari. Moshi wa miaka umekifanya kiwe rangi moja na boriti. Pembeni yake umepita waya wa umeme. Umeme wa gridi ulifika Pemba mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na mwenye nyumba alipoweka taa hakuona sababu ya kukiondoa kile kikaratasi.

Mwanzoni mwa 1995, katika siku za Ramadhani, kisiwa hiki kilianza kuitunga riwaya ambayo hakuna aliyeishikia kalamu. Likaja dude usiku, likaitwa Popobawa. Halikubisha hodi. Lilimlalia mtu kitandani, likamziba pumzi, likamfanyia yale ambayo mtu wa heshima hawezi kuyatamka barazani, wake kwa waume. Na likatoa sharti, na hapo ndipo msimuliaji yeyote anapopaswa kuvua kofia: aliyeshikwa, yasemwa, aliamriwa awaeleze majirani, asipoeleza litarudi. Tazama werevu wa kitisho hicho. Jambo ambalo aibu ingelifukia likawa ndilo linalopaswa kutangazwa asubuhi, na kila aliyetangaza akawa mwandishi wa sura yake. Msomaji na mtunzi wakawa mtu mmoja. Watu wakahama vyumba. Wakatandika majamvi uani na njiani, wakawasha moto, watoto wakawekwa katikati, wakubwa wakakaa pembeni wakisoma walichokihifadhi, wakichekeana pia, maana Mpemba hukaa macho usiku kucha kwa hofu na bado akapata la kuchekesha. Wazee walisema si mara yake ya kwanza, lilikuja huko nyuma baada ya Mapinduzi. Wengine walisema limetumwa na wakubwa. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya zaidi ya miaka thelathini, kura zikapigwa Oktoba, na katika kisiwa ambacho viti vyote 21 vya uwakilishi vilikwenda upinzani, kuamini kwamba serikali yaweza kutuma kitu usiku hakukuhitaji ushirikina mwingi.

Kama riwaya, ilikuwa na kasoro zote. Nyumba hii ilisema kuna harufu kali, ile ikasema moshi, ya tatu ikasema haikuona wala kunusa chochote ila uzito. Sura moja ilitisha mpaka nywele zikasimama, iliyofuata ikawa kichekesho cha bwana mzima aliyekimbia bila shuka. Hapakuwa na mhariri wa kuzilinganisha. Lakini hali ya hewa yake, ile hofu iliyotanda juu ya kila kitu, haikulegea, na ilivuka bahari ikaingia Unguja. Huko mjini Zanzibar, Aprili ile, kundi la watu lilimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kudhani ndiye. Ukurasa huo hauna uzuri wowote wa kifasihi. Huwa nawakumbusha wanaopenda kusimulia Popobawa kwa bashasha: katika hadithi nzima, aliyekufa kwa ushahidi ninaoujua ni mmoja, na waliomuua ni watu.

Baadaye wageni wakaikuta. Wakaichora: jicho moja, kucha, mbawa za popo, meno. Kwa kuchora hivyo wakaimaliza. Mwanaanthropolojia Martin Walsh aliichunguza kwa makini fadhaa ile ya 1995, na Katrina Daly Thompson akaandika kitabu kizima mwaka 2017 kuonyesha jinsi mazungumzo ya Watanzania kuhusu Popobawa, yenye mizaha, mafumbo na siri za chumbani, yalivyosomwa vibaya yalipotoka nje. Mimi naongeza la kwangu: waliosimulia uani Pemba hawakulipa sura kwa sababu hawakuwa na haja nayo. Chenye jicho moja unaweza kukilenga. Usichojua umbo lake unakingojea.

Basi na riwaya zetu zilizoandikwa zikoje? Ya kwanza kila mtu anaijua. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Mwaka 1968 akatoa Kisima cha Giningi. Tazama majina hayo mawili tu. Mtu anayajua mapigo ya moyo ya msomaji wake: mzimu, kisima, Giningi. Anakupeleka kwenye mzimu wa watu wa kale ambako hakuna anayependa kupita, anakulaza maiti hapo, anakuacha na fikra zako. Kisha anaingia Bwana Msa, mpelelezi wake, na kiko chake. Moshi wa tumbaku unafukuza moshi wa ubani. Kila kilichodhaniwa cha mizimu kinapata mkono wa binadamu, nasaba iliyofichwa, tamaa ya mali. Naipenda akili ya Bwana Msa, nami nilikuzwa na vitabu hivyo kama wenzangu. Lakini tusifichane, kila anapoanza kueleza, chumba kinapoteza ubaridi. Maelezo ya mwisho huwa marefu, watu wanajikuta ni ndugu wa watu, na sisi tuliokuwa tumeshika pumzi tunaanza kuhesabu nani alimzaa nani. Abdulla hakufanya hivyo kwa kushindwa. Aliamua. Alitaka tuingie na hofu tutoke na hoja, na kwa miaka ile, ya kuelekea uhuru na baada yake, mtu wa magazeti kutaka hivyo ni jambo la kueleweka.

Wa pili ni wa hapa hapa. Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947, akasomesha mpaka Bayreuth, Ujerumani, na mwaka 2001 akatoa Babu Alipofufuka. Mkubwa mmoja wa serikali, aliyepewa herufi tu badala ya jina, K, anatokewa na babu yake aliyekufa. Kitu gani cha kutisha kuliko hicho kwa mtu wetu? Babu hajulikani kwa kucha. Anakujua, alikulea, na anarudi kukuuliza umekuwa nani. Sura za mwanzo zina usiku halisi ndani yake. Kicheko cha marehemu katika nyumba ya anasa kinatosha. Lakini Babu ana kazi aliyopewa na mwandishi. Lazima amchukue K, amtembeze, amwonyeshe watu wake wanavyoishi, na kadiri safari inavyorefuka Babu anazidi kuwa hoja na kupungua kuwa maiti. Nikifika katikati nasahau kuogopa. Naanza kukubaliana naye, na mzuka ukishakubalika umeshakuwa mhutubu. Ni kitabu kizito, cha hasira ya haki, na bado naamini kwamba laiti Babu angesema robo ya aliyosema, K angelala macho zaidi nasi pia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwandishi yule, bingwa wa mafumbo, alilijua hilo kuliko mimi, akachagua kusema.

Na pengine alikuwa na sababu ambayo mwandishi wa Maine hana. Kitabu kile kilitoka mwaka ule ule ambao, Januari 27, maandamano ya baada ya uchaguzi mwingine yalikutana na risasi Pemba. Tume ya serikali ilitaja waliokufa 31; mashirika ya haki za binadamu yakataja zaidi. Watu zaidi ya elfu mbili walivuka mkondo wa bahari kwa vyombo hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi, wao watu wa nchi iliyozoea kupokea wa wenzake. Mtu aliyelala vichakani siku hizo akisikiliza magari yanavyopita hahitaji kufundishwa mandhari ya kutisha. Mpe riwaya ya kizuu atakusomea kwa adabu, kisha atakuuliza ni nani aliyekituma. Ndiyo maana hofu yetu ya vitabuni inakimbilia siasa haraka sana, kabla ya usiku kuiva. Mwandishi anaona haya kumtisha mtu kwa mzimu wakati kuna wa kumtisha kwa jina na cheo. Naielewa haya hiyo. Ila nadhani inatunyima kitu, maana watu wale wa 1995 waliweza kubeba vyote viwili kwa pamoja: kitu kisicho na umbo kitandani, na uchaguzi mlangoni. Hawakulazimisha kimoja kiwe maana ya kingine.

Kuna faida nyingine ya hofu isiyoelezwa, nayo ukiitafuta utaikuta juu ya miti. Popo wa Pemba walipungua vibaya kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa bunduki na kwa kukatwa misitu, mpaka wataalamu wakahofia wangetoweka. Sasa wako maelfu, kwa sababu ya ulinzi wa wanakijiji kama wale wa Kidike, na kwa sababu nyingine ya kale zaidi: baadhi ya miti waliyobaki nayo ni ya makaburini na ya mizimu, ambako shoka haliingii. Hakuna aliyeandika sheria hiyo ubaoni. Babu alisema pale hapakatwi, basi. Akija mtu kama Bwana Msa akathibitisha kwa hoja safi kwamba ndani ya kichaka kile hamna kitu, sina uhakika kama wiki ya pili kichaka kitakuwepo.

Nasema haya nikiwa na nia. Riwaya ya Konde ninayoitaka mimi haina jicho moja wala kiko. Itakuwa na mji, kwanza na sana: soko la Tumbe alfajiri samaki wakinadiwa, deni la dukani, posa iliyokataliwa, karafuu zilizokauka nusu mvua ikaja. Itakuwa na jirani mwema. Lugha yake itakuwa Kipemba pale watu wanapozungumza, bila kuombewa radhi. Na kwenye sura ambayo mwandishi atajisikia kueleza, atampa mhusika kazi nyingine ya kufanya, achote maji, ageuze karafuu, amfunike mtoto. Ikiwa na kasoro, iwe na kasoro za mwanzo mrefu mno, hizo nitazisamehe. Za mwisho uliofafanuliwa sitazisamehe tena, nimezisoma vya kutosha.

Vijana wa Micheweni na Wete mnaoandika, sehemu ya kazi hii haingoji. Aliyekuwa na miaka arobaini akilinda moto uani mwaka 1995 leo amefika sabini au amepita, na wenzake wengi wameshazikwa. Tuzo ya Safal-Cornell ilianzishwa 2014, ikiitwa Mabati-Cornell, na imepokea miswada ya riwaya kwa Kiswahili. Lakini kabla ya mswada kuna wazee. Nendeni na daftari baada ya sala ya alasiri, msiulize lilikuwaje umbo lake. Ulizeni walilala wapi usiku ule, nani alikaa karibu na nani, na nani hakuja.